Kidonda Usichotaka Nikione

Zuhura, tangu lini mtoto wa kike akamuaga mama yake kwa kumtuma mume? Jana Shomari kaja kusimama mlangoni kwangu, kofia kaivua kaishika mkononi, maneno anayatafuna. "Shikamoo mama. Tumeonelea Zuhura akamalizie arobaini Lugoba, kwa mama." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza, "Mmeonelea nyie akina nani?" Akasema, "Sisi, mama." Nikamwambia haya, sawa. Ningesema nini? Mkwe hugombani naye mlangoni. Lakini wewe ulikuwa chumba cha pili, macho makavu, unasikia kila kitu. Mdomo unao. Miguu unayo pia, maana juzi nimekuona unafagia uwanja na daktari kakukataza kuinama. Aibu yako.

Nakuandikia kwa sababu nikija huko kukusemesha nitapiga kelele, nawe utageukia ukutani kama ulivyozoea siku hizi, na mtoto ataamka. Shule yangu unaijua ilipoishia, basi usinitafutie makosa. Soma mpaka chini. Sikuandikii mambo ya nepi wala ya uji wa pilipili manga. Hayo utaambiwa na huyo unayemkimbilia, na najua yeye utamsikiliza.

Jambo langu ni moja. Kanga yako ya kijani, ile uliyoifua mwenyewe ukaianika chini ya shuka kwenye kamba ya nyuma ili nisiione, ina doa ambalo halikutoka. Doa la manjano, hapo hapo kanga inapokaa juu ya mshono. Maji ya kidonda nayajua, sikuanza kuyaona leo. Kidonda chako kinavuja, Zuhura, na unanificha mimi. Leo asubuhi nimekuuliza, "Tumbo vipi?" Ukanijibu, "Zuri mama," ukaivuta kanga juu kama nimekuja kukuibia. Kwenda Lugoba nenda, hilo nimeshalimeza. Lakini kidonda kikiharibikia ndani, mtoto huyu atanyonya kwa nani? Kwangu? Nina nini mimi hapa kifuani?

Na kwa nini unanificha, najua. Sijifanyi sijui. Ila kabla sijalisema hilo, nataka ujue mimi nilikuwa wapi, maana wewe umenikuta mwisho wa habari ukadhani ndiyo yote.

Siku ile ya hospitali nilikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Mkwe wangu Bi Salama, mama yake Shomari, alifika mchana kutoka Lugoba, amepiga dera jipya, na chupa ya chai, na maandazi yamefungwa kwenye kitambaa safi, utadhani tunakwenda harusini. Mimi nilikuwa na kanga ya jana. Nesi aliposema mtoto amekaa vibaya na itabidi wakupasue, Bi Salama alitulia tuli. Mimi ndiye niliyelia mpaka watu wakanisogelea. Basi nikatoka kwenda kuswali adhuhuri nikuombee. Kurudi, namkuta amempakata mtoto. Nesi alikuwa ametoka akauliza, "Bibi wa mtoto yuko wapi?" Na yeye, kwa kuwa bibi ni yeye vilevile, akanyoosha mikono. Akaniona, akacheka, "Mkwe, njoo umwone mjukuu wetu!"

Wetu. Ana macho ya baba yako yule mtoto, na pua yangu mimi, hapo kwenye shuka la kijani, na mtu wa kwanza kunusa kichwa chake alikuwa mtu wa Lugoba. Nikasema mashallah. Mdomoni.

Siku ya saba mkampa jina, Salama. Desturi naijua, mtoto wa kike wa kwanza ni jina la upande wa baba. Niliifuata na wewe. Zuhura ni jina la bibi yako mzaa baba, mwanamke aliyekuwa hanipendi hata kwa dawa, na nimeliita jina lake humu ndani miaka yako yote, asubuhi na jioni, mpaka likawa lako. Kwa hiyo sisemi mmekosea. Nasema tu kwamba kila mkimwita Salama humu nyumbani, nageuka kutazama kama mkwe ameingia.

Halafu mkaja hapa, na yeye akaja akakaa wiki nzima. Sasa sikiliza.

Tangu ulipoolewa nilikuwa na kitambaa nimekiweka. Kitambaa kizito cha marekani, nimekikata, nimekishona pindo, nimekifua kikalainika, kiko kwenye sanduku chini ya nguo zangu za Idi. Kitambaa cha kukukandia. Mwanamke akizaa mama yake humkanda tumbo kwa maji ya moto, damu chafu itoke, tumbo lirudi, mgongo ufunge. Hiyo ndiyo kazi ya mama. Baba atachinja, mume ataleta nguo, majirani wataleta maneno, lakini kukanda ni mama. Nilikuwa naiwaza kazi ile kama mtu mwingine anavyowaza kwenda Maka.

Nikachemsha maji, nikatia majani ya mwarobaini, nikabeba sufuria mpaka mlangoni kwako, jasho linanitoka. Bi Salama akasimama katikati ya mlango.

"Mkwe, hayo maji ya nini?"

"Ya kumkanda mwanangu."

"Huyu hakandwi."

"Nani kasema?"

"Nesi kasema, nawe ulikuwepo ulikuwa unaitikia kwa kichwa. Na mimi nasema. Nilipojifungua Shomari walinipasua, nikaja kukandwa juu ya mshono. Kikafumuka, mkwe. Nilirudishwa hospitali nyuma ya pikapu nimelazwa kama gunia la mkaa."

Nikamwambia, "Hukupata mkandaji anayejua kazi."

Akanitazama. Akasema, "Alikuwa mama yangu."

Wewe ulikuwa kitandani, ukafumba macho, ukajifanya umelala. Nikarudi uani na sufuria langu. Maji yale nilifulia nepi, na majani nikawamwagia kuku, kuku wenyewe wakayakataa.

Kuanzia hapo nikawa mgeni nyumbani kwangu. Yeye ndiye aliyejua. Mimi nilikuja kukunyanyua kitandani, nikakushika mikono yote miwili nikakuvuta kama ndoo kisimani, ukapiga ukelele mpaka mtaa wa pili. Yeye akaja, "Taratibu mama, geuka ubavu kwanza, tupa miguu chini, halafu jisukume na mkono." Ukanyanyuka. Kumnyonyesha mtoto, mimi nikakuwekea tumboni kama tulivyowanyonyesha nyie wote, akakupiga teke juu ya mshono ukaona nyota. Yeye akamchukua akamweka kwapani, miguu ikaelekea nyuma, kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi. Mtoto akanyonya. Yeye akakwambia ukitaka kukohoa shika mto hapa, ukandamize. Ukakohoa, hukulia. Supu yake ya kuku uliimaliza, ukaramba kijiko. Uji wangu ukaganda juu. Na supu ile ina chumvi nyingi, mtu wa kweli atakwambia.

Lakini kilichonimaliza ni kile kicheko. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nimebeba nguo kavu za mtoto, nasikia mnacheka, nikasimama. Mlikuwa mmefunua matumbo mnaonyeshana mishono. Wake wa zamani, umesimama toka kitovuni kwenda chini. Wako umelala. Akasema, "Mimi walinitia zipu ya begi la safari, wewe wamekutia ya pochi." Ukacheka, ukalia, umekumbatia mto, unasema, "Mama, usinichekeshe, kinauma! Mama jamani!"

Nikafungua mdomo niitike. Kumbe siitwi mimi.

Nikaziweka nguo pale chini mlangoni nikatoka uani. Mama Tatu jirani alikuwa amekuja kunisaidia kuchambua mchele. Akaniuliza, "Mzazi anaendeleaje?" Na mimi nikasema, kwa sauti, maana sauti ya chini sikujaliwa, nikasema, "Mzazi gani? Huyo hakuzaa, alipasuliwa. Waliozaa ni sisi." Mama Tatu akacheka mpaka akapiga paja. Na dirisha lako halina kioo, lina wavu tu.

Basi. Nililisema. Sitakuja kusema sikulisema, wala sitakwambia nilikuwa natania, kwa sababu sikuwa natania. Nilitaka liingie dirishani. Likaingia.

Tangu siku ile hunitazami usoni. Bi Salama alipoondoka kwenda kwake, asubuhi yake nikakukuta kisimani na ndoo. Nikadhani umepona. Ukafua nepi umeinama. Ukafagia. Ukanyanyua sufuria la maji ya mtoto, lile ambalo hata mimi nalishusha kwa hatua. Mimi nikakaa nakutazama, na nisikufiche, nilifurahi. Nikasema moyoni, ameona, kumbe kuzaa ni kazi. Mjinga ni nani kati yetu sijui, wewe uliyekuwa unajipasua upya ili unionyeshe, au mimi niliyekuwa nakutazama nikaridhika. Siku tatu zote hizo kidonda kilikuwa kinaanza kulia, na mimi nilikuwa nahesabu nepi ulizofua.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu, hata baba yako marehemu. Si Bi Salama peke yake niliyemwonea wivu. Nilikuonea wewe. Mwanangu wa kumzaa.

Wewe ulipozaliwa mama yangu alikuwa ameshafariki. Bibi yako mwenye jina lako alikuja siku moja, akakuangalia, akasema, "Wa kike," akajifunga kanga yake akaenda. Mkunga alikata kitovu akaondoka kuna mwingine anamsubiri. Nilichemsha maji mwenyewe. Nilijikanda mwenyewe, Zuhura. Mkono huu umeshika kitambaa cha moto na tumbo ni la huyohuyo, nimeuma kanga nisipige kelele, maana kelele hupiga mwenye watu wa kuja kumpoza, mimi nani angekuja? Kabla arobaini haijafika nusu niko shamba Makurunge, wewe mgongoni, napalilia mihogo. Nikarudi na kuni. Watu wakanisifu. "Mwanamke shoka yule." Sifa ile niliila miaka mingi kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kula.

Ndipo wewe. Mto nyuma ya mgongo, mto mwingine tumboni. Mama wawili wanagombea kukuhudumia. Mume anasimama mlangoni anauliza, "Umelala vizuri?" Supu inakufuata kitandani. Nilikuwa nakuletea chakula nimekunja uso kwa hasira, nawe ukadhani nimechoka, ukaniambia, "Pole mama, kaa upumzike." Nilitaka nikumwagie. Haki ya Mungu. Nilitaka kuuliza, na mimi pole yangu iko wapi? Ile ya zamani, nani aliibeba?

Neno lile la dirishani lilitoka huko. Halikutoka kwako. Wewe ulilala mezani, wakakufungua ukiwa macho, unasikia vyuma vinagongana, unaomba dua kwa sauti mpaka yule daktari kijana akaitikia amina. Ulinihadithia mwenyewe siku ya kwanza, nikakata maneno yako nikakuuliza kama umekojoa. Mimi nisingeweza. Saba nimezaa, lakini kulala pale nikingojea kisu na akili zangu timamu, nisingeweza, ningeruka dirishani. Umezaa, mwanangu. Atakayekwambia hukuzaa mwambie aje aseme na mimi, na kama ni mimi tena nimesema, niambie nifunge mdomo. Utakuwa na haki hiyo mara moja. Usiizoee.

Kukuomba radhi sijui vizuri, hatukulelewa hivyo. Nakwambia tu nilichofanya jana ulipokuwa umelala. Nilifunga mlango wa chumba changu nikachukua mto nikauweka kwapani, hivi, miguu nyuma. Nikajaribu kulia na kushoto. Kushoto siwezi vizuri, bega linauma. Ikija siku mkaniletea mtoto na wewe unanyonyesha, nitajua kukushikia.

Kuhusu Lugoba. Nenda, lakini usiende kule kuwa mtoto wa mtu mwingine moja kwa moja. Bi Salama mkarimu, nakubali, na wakarimu ndio wabaya, mtu anajikuta amehama bila kujua. Siku nyingine mwogeshe mtoto wewe mwenyewe, yeye akae atazame. Akikutania kuhusu zipu, cheka, ila usimwite mama kwa sauti ile. Mwite mama kwa sauti ya kawaida, inatosha. Na usimhadithie tabia zangu. Anazijua za kutosha. Mkinipigia simu ya kuonana, mtoto awe macho, sitaki kuonyeshwa mtu aliyelala kama mzigo. Na simu ashike Shomari au ushike wewe, sitaki kuanza kwa kuona kidevu cha mkwe.

Na wewe usije ukamlea Salama kwa kutaka kumwonyesha mtu. Mimi nilikulea wewe hivyo, nikiwaonyesha wa upande wa baba yako kwamba naweza peke yangu. Niliweza. Lakini ulipoanguka mtini ukavunjika mkono, ulikaa nao siku nzima umeuficha ndani ya gauni, kwa kuwa ulijua mama hapendi mtu dhaifu. Nilikupiga kwa kuficha, sikujiuliza nani kakufundisha kuficha. Nimejiuliza leo, nimeshika kanga yako ya kijani mkononi. Nimekaa nayo kwenye kiti cha uani mpaka chai ikapoa.

Halafu nimefanya kitu. Nimempigia simu mkwe. Mimi. Alishtuka mwenyewe.

"Mkwe? Kuna nini, mtoto?"

"Mtoto mzima. Kidonda cha Zuhura kinavuja."

"Kina harufu? Ana homa?"

"Sijui. Hanionyeshi."

Halafu akasema, "Hata mimi hajaniambia kitu."

Nikamwambia, "Wewe atakuonyesha." Maneno mawili, Zuhura, yametoka mdomoni mwangu kama jino bovu, na mzizi wake. Yeye hakushangilia. Angeshangilia ningekata simu. Alisema tu, "Basi kesho nakuja na gari mapema, mkwe, tusisubiri jua. Na wewe utakuja nasi, au unataka nikamshike peke yangu?" Nikamwambia nakuja, kwani nani kasema siji.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinijibu. Asubuhi usifunge mkanda tumboni, usinyanyue begi, usiguse ndoo. Vaa dera lile pana la maua. Gari likija halishiki njia ya Msata kabla ya kupita hospitali, Shomari nimeshamwambia na amesema ndiyo mama. Kwa daktari ingia na Bi Salama. Mimi usiniite, nikiona nitakugombeza na daktari ashindwe kusikia. Funua chote, sema lini kilianza, sema ulibeba nini na ulifua nini, na akikuuliza kwa nini, mwambie ni kwa ajili ya mdomo wa mama yako. Wakisema ulazwe, lala. Mtoto mniachie mimi huko nje kivulini, mikononi mwangu, mpaka mtakapomaliza. Wala msifanye haraka.